Mafuta yamevuja chini ya kituo: uchimbe, uvute mvuke, utie dawa au uwaachie bakteria?

Mwenye kituo cha mafuta akishajua kwamba tangi lake linavuja, haichukui muda atakuwa na profoma (makadirio ya bei) tatu mezani, kila moja ikisifia njia yake. Mwenye kijiko na matipa anataka udongo wote utolewe. Mwenye mashine za kuvuta hewa anasema usivunje hata zege. Muuza kemikali anaahidi kumaliza kazi kwa kudunga dawa ardhini. Na hakosekani mtu wa nne, mara nyingi shemeji, anayeshauri uache tu, ardhi ina namna yake ya kujisafisha. Wote wanne wana ukweli wao, hata shemeji. Kinachoamua ni kiwanja: kuna nini chini ya zege lako, na nani anachota maji upande wa pili wa ukuta.

Nazilinganisha hapa njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Bei kwa shilingi sizitaji, maana bei ya kukodi kijiko Mwanza si ya Mombasa, na mafuta yaliyoshuka mita 2 si kazi moja na yaliyofika mita 12.

Yasiyo na mjadala

Kuna mambo mawili yanayotangulia njia yoyote. La kwanza ni kuzuia uvujaji wenyewe. Tone moja kila sekunde kwenye kiungo cha bomba ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwaka ni lita 1,500 na ushee. Kituo kinachouza maelfu ya lita kwa siku hakiwezi kuliona pengo hilo kwa macho. Linaonekana kwenye daftari la dipu tu, yaani la vipimo vya mafuta yaliyomo tangini, na hapo nako kuna mtego: lita 10,000 za petroli zikipoa nyuzi 5 hupungua karibu lita 50 bila hata tone kuvuja. Lakini joto likipunguza leo, kesho litaongeza. Uvujaji haujui kuongeza. Daftari la miezi mitatu likionyesha upungufu wa upande mmoja tu, funga tangi hilo lipimwe.

La pili ni kuyatoa mafuta yanayoelea. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zikiyafikia maji ya chini ya ardhi hutanda juu yake. Yakiwapo, yavutwe kwanza kwa pampu au kwa gari la kunyonya. Usitishwe sana na kimo unachokiona ndani ya kisima cha kupimia, lile bomba linaloshushwa ardhini kwa ajili ya vipimo: sentimita 30 za mafuta ndani ya bomba kwa kawaida ni nyingi kuliko zilizopo ardhini kwenyewe.

Vigezo

Kigezo kizito kuliko vyote ni aina ya ardhi. Kwenye mchanga kama wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, hewa na maji hupita bila shida. Udongo mweusi wa Nairobi, ambao ni wa mfinyanzi, hupasuka kiangazi na kuvimba mvua zikinyesha, na ukishalowa hewa haipiti. Jiwe la matumbawe la Mombasa na Unguja lina matundu na mapango, na mafuta hukimbilia kwenye njia ambazo hakuna fundi anayeweza kuzichora.

Kingine ni aina ya mafuta. Petroli hugeuka mvuke upesi na hubeba benzeni, kemikali inayosababisha saratani na inayoyeyuka kwenye maji. Dizeli na mafuta ya taa huvukiza kidogo na kung'ang'ania udongo. Kama kituo kilikuwapo kabla ya 2006, pimisha risasi pia, yaani madini ya ledi: petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka huo, na risasi iliyobaki kwenye udongo haina bakteria wa kuimaliza.

Halafu nani anakunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu: gramu 1 tu inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho, yaani maboza 10 ya lita 10,000. Kuchemsha hakumsaidii mtu, kwa sababu benzeni hutoka kwenye sufuria na kuhamia hewani humo humo jikoni, na dawa ya klorini haiigusi kabisa. Waliofuatilia habari za Thange, kaunti ya Makueni, tangu bomba kuu la mafuta lilipovuja mwaka 2015, wanajua kwamba deni kubwa la uvujaji huwa si mafuta yaliyopotea bali visima vya watu.

Vilivyobaki ni muda, biashara kuendelea au kufungwa, na pesa. Pesa usiihesabu kwa jumla peke yake. Angalia pia inatoka lini. Njia mbili zenye jumla sawa zinaweza kukuua au kukuacha hai kulingana na hilo.

Uchunguzi kwanza

Kuchagua njia kabla ya uchunguzi ni kupiga ramli. Kwenye mchanga, oga ya mkono, yaani keekee ya kutoboa udongo, inayozungushwa na vijana wawili hufika mita 3 hadi 5, na hiyo inatosha kujua kama udongo wa kando ya tangi umelowa mafuta. Ni rahisi, lakini mbele ya matumbawe haifui dafu, na wala haikuambii maji yanaelekea wapi. Kwa hilo unahitaji mashine ya kuchoronga na visima vya kupimia visivyopungua 3, visivyokaa kwenye mstari mmoja, na mpima ardhi achukue kimo cha mdomo wa kila kimoja. Ukishajua maji yameinama upande gani, umejua mafuta yaliyoyeyuka yanamfuata nani.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa jambo dogo. Mchimbaji aliyezoea visima vya maji ya kunywa huweka bomba zima juu na bomba lenye matobo chini kabisa, na kwa kisima cha kunywa hiyo ndiyo kazi safi. Kisima cha kupimia mafuta ni kinyume chake. Matobo yaanzie juu ya kimo cha maji ya masika na kushuka hadi chini ya kimo cha kiangazi, maana mafuta yanaelea na hupanda na kushuka pamoja na maji. Kisima kilichotobolewa chini tu kitatoa sampuli nzuri huku mafuta yametulia mita kadhaa juu yake. Ripoti za namna hiyo zipo, zimepigwa mihuri na kila kitu.

Sampuli nazo zina adabu yake. Chupa ni ndogo, mililita 40. Inajazwa mpaka maji yavimbe mdomoni, inafungwa, kisha inageuzwa kichwa chini na kugongwa kidogo kwa kidole. Kiputo kikionekana, chukua chupa nyingine, kwa sababu benzeni itakimbilia kwenye hewa hiyo ndogo na maabara itasoma pungufu. Baada ya hapo ni barafu, na maabara ndani ya siku 14 kama chupa ina asidi, au 7 kama haina. Ukimwona mtaalamu amekuja na chupa za maji za nusu lita kwenye mfuko wa rambo, mshukuru na umpe nauli yake.

Njia ya 1: kuchimba na kuondoa udongo

*Inavyofanya kazi.* Zege linavunjwa, matangi yanatolewa, na udongo ulioloa mafuta unachimbwa mpaka kuta na sakafu ya shimo zipimwe na kuonekana safi. Udongo hupelekwa mahali palipoidhinishwa, au hupangwa matuta juu ya karatasi nzito ya plastiki, ukageuzwa, kunyunyiziwa maji na kutiwa mbolea ili bakteria wamalizie.

*Ardhi na mafuta.* Haichagui. Petroli, dizeli, risasi, vyote vinatoka pamoja na udongo. Udongo wa mfinyanzi unaoshinda mashine nyingine ndiyo kazi yake hasa. Ukomo wake ni kina: ukipita mita 4 au 5, kuta za shimo zinahitaji kushikiliwa na msingi wa jirani unaingia kwenye hesabu, na ukifikia maji, kijiko kinatoka na tope badala ya udongo. Kwenye matumbawe ni nyundo ya mwamba kutwa.

*Muda na pesa.* Siku kadhaa hadi wiki chache, na pesa yote inatoka kwa mkupuo. Shimo la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 4 ni mita za ujazo 400. Udongo ukishachimbwa huvimba kama kwa robo, basi unabeba 500, na kwa tipa la mita za ujazo 15 ni zaidi ya safari 33. Kila safari ni taka hatarishi yenye kibali na karatasi zake. Tipa linalokwenda kumwaga "kifusi cha bure" kwenye kiwanja cha mtu pembezoni mwa mji halijasafisha chochote. Limehamisha kesi tu.

*Biashara na majirani.* Kituo kinafungwa, na mtaa unanusa petroli siku zote hizo.

*Inamfaa nani.* Anayebadilisha matangi hata hivyo, anayeuza kiwanja na mnunuzi anadai karatasi, au mwenye uvujaji mdogo uliogunduliwa mapema na haujafika kwenye maji.

Njia ya 2: kuvuta mvuke

*Inavyofanya kazi.* Mabomba yenye matobo huchomekwa kwenye udongo mkavu ulio juu ya maji, na mashine ya kufyonza huvuta hewa mchana na usiku. Mafuta yaliyoshikwa kati ya chembe za udongo hugeuka mvuke na kutoka nayo, kisha hewa hupitishwa kwenye mkaa maalumu au kuchomwa kabla ya kuachiwa. Pale ambapo maji nayo yamechafuka, hewa hupulizwa chini yake ili itoe benzeni kwa mapovu, na ile mashine ya juu iidake.

*Ardhi na mafuta.* Petroli kwenye mchanga: hapa ndipo njia hii inapong'aa. Dizeli haivukizi vya kutosha, ingawa hewa inayopita huwapa bakteria oksijeni, na hilo si haba. Mfinyanzi uliolowa unaishinda. Maji yakiwa karibu na uso wa ardhi, pungufu ya mita 1, hakuna nafasi ya kuvuta hewa. Mashine itanyonya maji. Na kwenye matumbawe hewa hupita kwenye matundu makubwa na kuyaacha madogo na mafuta yake.

*Muda na pesa.* Hali ikiwa nzuri, miezi 6 hadi miaka 2. Pesa hutoka kidogo kidogo: kufunga mashine, halafu umeme wa saa 24, mkaa wa kubadilisha na fundi wa kuangalia. Umeme ukikatika mara kwa mara, weka jenereta kwenye hesabu toka mwanzo. Jambo ambalo profoma nyingi hazilitaji: mvuke hupungua haraka miezi ya kwanza, kila mtu anafurahi, mashine inazimwa, na baada ya muda vipimo vinapanda tena kwa sababu mafuta yaliyojificha kwenye vipande vya mfinyanzi yamerudi. Mkataba uitaje hiyo miezi ya kuzima na kupima upya, na useme nani anailipia.

*Biashara na majirani.* Kituo kinaendelea kuuza, ukitoa siku za kuweka mabomba. Ila usikubali kupuliza hewa chini ya maji wakati mafuta bado yanaelea, au wakati jirani ana chumba cha chini ya ardhi. Unaweza kumsukumia mvuke wa petroli hadi sebuleni, na mvuke huo huanza kulipuka ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kituo kinacholipa mshahara wa watu na hakiwezi kufungwa, kilicho juu ya mchanga, na uchafu umeshuka kina ambacho kijiko hakifiki.

Njia ya 3: kutia dawa

*Inavyofanya kazi.* Kemikali kali ya kuunguza, kama hidrojeni peroksaidi yenye chuma au pasafeti, hudungwa ardhini na kuvunjavunja mafuta pale pale.

*Ardhi na mafuta.* Dawa lazima imguse adui, kwa hiyo mchanga unafaa na mfinyanzi haufai. Udongo wenye mboji nyingi, au ule wa karibu na mikoko, huila dawa kabla haijayafikia mafuta. Na uliza jina la dawa: pamanganeti, inayopatikana kwa urahisi, ni dhaifu mno mbele ya benzeni. Muuzaji anayeileta kwa ajili ya petroli hajui kazi au anadhani wewe hujui.

*Muda na pesa.* Miezi, kwa awamu mbili tatu au zaidi. Usikubali bei ya awamu moja.

*Biashara na majirani.* Kituo hufungwa siku za kudunga tu. Peroksaidi hutoa joto na gesi, na pasafeti inaweza kula chuma cha mabomba, kwa hiyo isisogezwe karibu na matangi yanayotumika.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabaki madogo yanayojulikana yalipo, baada ya njia nyingine kufanya kazi kubwa.

Njia ya 4: kuwaachia bakteria chini ya uangalizi

*Inavyofanya kazi.* Hii ndiyo ya shemeji, ila yeye husahau maneno matatu ya mwisho. Ardhini tayari wamo bakteria wanaokula mafuta. Hutumia oksijeni kwanza, ikiisha hugeukia naitreti, chuma na salfeti, na mwisho hutoa methani. Kwa hiyo wanaweza kuhojiwa: ukiona oksijeni, naitreti na salfeti zimeshuka palipo na mafuta, na chuma kilichoyeyuka na methani vimepanda, ujue wanakula. Usipoyaona hayo, huna njia ya 4, una uvivu.

Utafiti wa maabara ya Lawrence Livermore uliotolewa 1995 kuhusu vituo vya California ulionyesha kwamba mikondo mingi ya benzeni haikuvuka takriban mita 76 kutoka kwenye chanzo, kwa sababu bakteria waliikatiza njiani. Matokeo hayo yalibadili fikra za wengi. Lakini mwaka uliofuata, kwenye jimbo hilohilo, mji wa Santa Monica ulilazimika kufunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya MTBE, kiongezeo cha petroli ambacho huyeyuka sana na bakteria hawakipendi. Kwa hiyo pimisha na viongezeo, si benzeni peke yake.

*Ardhi na mafuta.* Inafaa pale maji yanapotembea polepole. Kwenye matumbawe maji yanaweza kufika mbali kabla bakteria hawajashiba, na mita 76 za California hazina maana Kisauni. Kisima cha jirani chenye pampu kubwa nacho huvuta uchafu kuelekea kwake, hata kama ardhi imeinama upande mwingine.

*Muda na pesa.* Miaka, pengine makumi ya miaka. Kila mwaka ni nafuu. Jumla yake inaweza kukushangaza. Unalipia visima (kimoja upande maji yanakotoka, kimoja kwenye chanzo, kadhaa mbele yake, na kimoja cha ulinzi kati ya uchafu na anayekunywa), na maabara mara 4 kwa mwaka walau mwanzoni.

*Biashara na majirani.* Biashara haiguswi. Majirani ni lazima waambiwe, kwa sababu hakuna mashine inayonguruma ya kuwaonyesha kwamba kuna kinachofanyika, na ukimya wako watautafsiri wanavyojua wao.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha toa chanzo, hana anayekunywa maji karibu, na ana taasisi itakayoendelea kulipia vipimo hata meneja akibadilika.

Kwa hali yako

Petroli kwenye mchanga, maji yako mita 6 au 8 chini, kituo kinauza: anza na kuvuta mvuke, na mabaki waachie bakteria.

Dizeli kwenye udongo mweusi, mita 3 za juu: chimba. Mashine za hewa zitakula umeme bure.

Matumbawe, Mombasa au Unguja: tumia pesa nyingi zaidi kwenye uchunguzi kuliko ulivyopanga, toa yanayoelea, chimba unachoweza kukifikia kuzunguka matangi, na kabla ya yote watafutie wenye visima vya karibu maji mengine. Sijaona njia safi ya kumaliza kazi kwenye jiwe hilo, na anayeiahidi aonyeshe alipoifanya.

Matangi yamezeeka na ulikuwa uyabadilishe mwakani: yabadilishe sasa. Shimo likishakuwa wazi, gharama ya kuchimba mita mbili za ziada ni ndogo.

Umepanga kituo, kiwanja si chako: pima udongo na maji siku unapoingia na siku unapotoka, kila upande ubaki na nakala. Tanzania kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Kenya kwa sheria ya mazingira ya 1999, msingi ni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa, na bila kipimo cha siku ya kuingia utashindwa kuonyesha kwamba si wewe.

Na kama wewe huna kituo bali una kisima nyuma yake, na maji yameanza kunuka: acha kuyanywa na kuyapikia leo, wala usiyaogee kwenye bafu lisilo na dirisha. Toa taarifa kwa mamlaka ya mazingira: NEMC ukiwa Tanzania Bara, ZEMA ukiwa Zanzibar, NEMA ukiwa Kenya. Ukipeleka sampuli maabara, andika kwenye fomu kwamba unataka benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, kwa sababu kipimo cha kawaida cha maji hutazama chumvi na vijidudu, na kinaweza kukurudishia karatasi inayosema maji yako ni salama.